UONGOZI WA JELA UANZE KWA MWENYE FUNGUO



Katika gazeti letu hili sisi husema habari za mishahara, nyumba, likizo na mapatano na mabwana wa kazi. Leo twataka kusema habari ya wafanya kazi ambao hawamo katika chama chochote, maana sheria haiwaruhusu. Hao ni askari wa jela.

Twajua wako wanachama watakaouliza, "Askari wa jela ana shauri gani nasi?" Jibu letu ni fupi. Yeye ni mfanya kazi kama wewe. Anaamka alfajiri, anavaa nguo za kazi, anapewa amri, anangojea mwisho wa mwezi, na watoto wake wanakaa dawati moja na watoto wako. Tena vyama vya wafanya kazi vya nchi hii vinaijua jela na kizuizi tangu zamani. Chege Kibachia alikamatwa mwaka 1947 baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa, akapelekwa mbali, Kabarnet. Makhan Singh alikamatwa mwaka 1950 wala hakupata uhuru wake mpaka mwaka 1961. Basi mambo yanayofanyika nyuma ya ukuta ule si mambo ya watu wengine. Leo amefungwa jirani, kesho huenda ukafungwa wewe au mtoto wako, na atakayekufungulia mlango au kukufungia ni yule askari.

Kila mara jela zikiharibika husikika neno moja: wakubwa wapelekwe kozi ya uongozi. Neno hilo ni jema, na sisi hatulipingi. Mtu anayetunza maisha ya watu mia kadha hawezi kuongoza kwa kubahatisha. Lakini twasema kwamba mafunzo hayo yanaanzia mahali pasipofaa. Yanaanzia ofisini, na mengi yanakomea huko huko. Sisi twataka yaanze kwa koplo na sajini, yaani kwa mwenye funguo.

NANI ANAYEONGOZA JELA?

Mkuu wa gereza ana meza, simu, barua na mikutano. Amri kubwa zinatoka kwake, na lawama kubwa zinamrudia. Lakini tazameni zamu ya usiku. Wafungwa wamekwisha kuhesabiwa na kufungiwa, na mkuu amekwenda kulala. Katika bloku amebaki koplo mmoja na vijana wawili au watatu ambao hawajamaliza mwaka katika kazi.

Mfungwa analia kwamba tumbo linamwua. Je, ni kweli au ni hila? Koplo ndiye atakayeamua kama ataitwa mtu wa dawa. Wafungwa wawili wanagombea blanketi, na chumba kizima kinaanza kupiga kelele. Koplo ndiye atakayeamua kama atatangulia kusema au kutangulia kupiga. Kijana mmoja wa zamu ameinua rungu kwa hasira. Koplo ndiye atakayemshika mkono, au atakayegeuza uso kama hakuona. Asubuhi kitabu cha zamu lazima kiandikwe. Koplo ndiye atakayeandika yaliyotokea, au atakayeandika kwamba usiku ulikuwa shwari.

Mambo hayo manne yote ni mambo ya uongozi. Hakuna hata moja ambalo mkuu wa gereza anaweza kuliamua akiwa kitandani mwake. Na mtu aliyepewa tepe zake kwa sababu ya miaka ya kazi na sauti kubwa ya kuamrisha gwaride, bila kufundishwa jinsi ya kuongoza watu, ataamua kwa kufuata yale aliyoyaona kwa koplo wa zamani. Hivyo ndivyo mazoea mabaya yanavyorithiwa katika jela kama shamba la baba.

UWONGO ULIOANDIKWA OFISINI

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kule Tana River, watu 11 waliokuwa kizuizini walipigwa mpaka wakafa. Walikuwa wamepelekwa kufanya kazi kwa nguvu. Mpango wa kuwalazimisha uliandikwa na mkubwa mmoja wa idara ya jela, ukapita katika ofisi, ukakubaliwa. Walioshika marungu walikuwa askari Waafrika wenye mshahara mdogo. Halafu habari ya kwanza iliyotolewa ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka katika gari la maji. Madaktari walipochunguza maiti, uwongo ule ukaanguka. Jambo hilo likafika mpaka Bunge la Uingereza, lakini hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo vile.

Wengine watasema hayo yalikuwa ya wakoloni. Basi twende mbele. Mwezi wa Septemba mwaka 2000, Kenya ikiwa imejitawala zaidi ya miaka 36, wafungwa 6 walikufa katika jela ya King'ong'o, Nyeri. Habari iliyotolewa kwanza ilisema walianguka ukutani walipokuwa wakitoroka. Maiti zilipochunguzwa, zilionekana dalili za kupigwa.

Weka habari hizo mbili pamoja uzitazame. Kati yake imepita miaka 41. Bendera ilibadilika na rangi ya wakubwa ilibadilika. Jambo ambalo halikubadilika ni lile la kupiga chini na kuficha juu. Hatusemi kwamba askari aliyepiga hana hatia. Mkono ni wake. Lakini twauliza: alikuwa wapi sajini wa kusema, "Acheni"? Na kama alikuwapo, nani alimfundisha kwamba anayo haki ya kusema hivyo? Nani angemlinda kesho yake asubuhi?

Kwetu sisi hilo ndilo somo la kwanza la uongozi wa jela, na halihitaji vitabu vingi. Kiongozi ni mtu anayeweza kusimamisha jambo baya likiwa bado dogo, na anayeweza kupeleka habari ya kweli kwa mkubwa wake hata ikiwa habari hiyo haipendezi. Mahali ambapo habari za kweli hazipandi, mkubwa anaongoza akiwa amefungwa macho, hata kama ana vyeti kumi.

WAKIFUKUZA WA JUU NA KUKAMATA WA CHINI

Mwezi wa Aprili 2008 askari wa jela waligoma. Walikuwa wakidai marupurupu na wakilalamika juu ya nyumba zao, na nchi ikashtuka kuona watu wa gwaride wakikataa kazi. Serikali ikaweka kamati chini ya Marsden Madoka ichunguze mambo ya jela. Sisi tuliokwisha kuona migomo mingi twajua jambo moja: mgomo hauzuki siku moja. Kabla ya mgomo malalamiko hunong'onwa miezi mingi, nayo hayapati mtu wa kuyapeleka juu. Katika kiwanda chenye chama, mjumbe wa wafanya kazi anayapeleka kwa meneja siku ile ile. Katika jela hakuna mjumbe. Kuna amri za kushuka tu, wala hakuna ngazi ya kupandia. Yatakapopanda, yatapanda kama moto.

Mwezi wa Novemba 2021 wafungwa 3 waliohukumiwa kwa ugaidi walitoroka katika jela ya Kamiti. Walikamatwa tena siku chache baadaye kule Kitui. Kamishna Mkuu akaondolewa, akawekwa mwanajeshi mstaafu, na askari kadha wakatiwa mbaroni. Mwenye kosa na ahukumiwe. Hilo hatuna neno nalo. Lakini ukimfukuza wa juu na kumkamata wa chini, umebakisha wa katikati vile vile alivyokuwa. Yule sajini anayepanga zamu, anayejua nani analala kazini na nani ana madeni, nani anazungumza sana na mfungwa gani, hajafundishwa neno jipya. Usalama wa jela uko kwake kuliko ulivyo katika ukuta. Ukuta hauoni wala hausikii.

DUNIA IMEKWISHA SEMA

Mwaka 1955, kule Geneva, mkutano wa Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni za jinsi ya kuwatunza wafungwa. Mwaka 2015 kanuni hizo zilitengenezwa upya, zikapewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27. Ziko kanuni 122. Watu wengi wanadhani kanuni hizo ni za kumtetea mfungwa peke yake. Sivyo. Kanuni kutoka ya 74 mpaka ya 82 ni za wafanya kazi wa jela, na yafaa kila askari azijue.

Kanuni ya 74 inasema kwamba askari wa jela awe mtumishi wa Serikali wa kudumu, asiyefukuzwa ovyo maadamu ana mwenendo mwema, kazi nzuri na afya. Na mshahara wake utoshe kuwavuta na kuwaweka watu wanaofaa, kwa kuwa kazi yenyewe ni nzito. Kanuni ya 75 inasema afundishwe kabla ya kuanza kazi, na aendelee kufundishwa akiwa kazini. Kanuni ya 76 inataja mambo ya kufundishwa: sheria, haki na wajibu wa askari mwenyewe, matumizi ya nguvu, njia za kutuliza ugomvi kwa maneno na usuluhishi, huduma ya kwanza, na kumtambua mapema mtu mwenye ugonjwa wa akili. Kanuni ya 79 inasema mkuu wa jela awe mtu aliyefaa kwa tabia, uwezo wa kusimamia kazi, mafunzo na uzoefu. Afanye kazi hiyo tu, na akae hapo hapo jelani au karibu. Kanuni ya 82 inasema nguvu isipite kiasi kinacholazimu, na kila mara ikitumika, mkuu apewe habari mara moja.

Someni tena orodha hiyo ya kanuni ya 76. Kutuliza ugomvi kwa maneno, kumtambua mgonjwa, kujua mpaka wa nguvu: hizo ni kazi za nani kila siku? Ni za koplo. Basi hata dunia ilipokaa kuandika mafunzo ya jela, iliandika kazi za mwenye funguo.

Hapa kwetu iko Sheria ya mwaka 2014 ya watu walionyimwa uhuru, na iko Katiba ya mwaka 2010 ambayo katika kifungu cha 51 inasema mfungwa anabaki na haki zake, isipokuwa zile ambazo haziwezi kupatana na kufungwa kwake. Sheria nzuri tunazo. Lakini sheria iliyo katika kabati ya Nairobi haimshiki mtu mkono saa nane za usiku. Anayeweza kumshika mkono ni mkubwa wake wa zamu.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema, "Askari akifundishwa mno atakuwa mkaidi, na nidhamu itavunjika." Maneno hayo sisi twayajua sana. Mabwana waliyasema juu yetu zamani, wakati vyama vyetu vilipoanza kuwafundisha wajumbe kusoma mapatano na kuweka hesabu. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi, kijana tu, alipoanza kazi ya chama. Mwaka 1955 alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Hakungojewa kwanza awe bwana mkubwa ndipo afundishwe uongozi. Alifundishwa akiwa kijana wa chama, na vyama vya nchi hii vikapata faida. Mtu asiyefundishwa hutii kwa hofu, na hofu ikiondoka utii nao huondoka. Aliyefundishwa hutii kwa sababu anajua maana ya amri.

Wengine watasema, "Askari wetu hawawezi masomo makubwa." Hao watazame Kamiti na Lang'ata, ambako askari wa jela na wafungwa wamesoma sheria pamoja, kwa masomo ya mbali ya Chuo Kikuu cha London, mpaka wengine wakapata digrii. Kama askari anaweza kusoma sheria za mikataba na za jinai baada ya zamu, hawezi kushindwa na somo la kuongoza watu wanne katika zamu yake.

Wengine watasema, "Fedha hakuna." Ni kweli hatuwezi kufanya kama Norway, ambako askari wa jela husoma miaka 2 chuoni huku akilipwa mshahara. Lakini chuo cha Ruiru kipo, walimu wapo, na masajini wenye busara wapo katika jela nyingi. Kuwakusanya makoplo wa jela moja saa 3 kila wiki, wakae na sajini mwenye busara na mtu wa sheria, wazungumze juu ya ugomvi uliotokea juma lililopita na jinsi ulivyotulizwa au ulivyoharibiwa, hakuhitaji jengo jipya. Tena hesabuni gharama ya uongozi mbaya. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa Kenya wakati wa hali ya hatari. Ililipwa zaidi ya miaka 50 baadaye. Mafunzo ni ghali, lakini mateso ni ghali zaidi.

HAKI YA KUSEMA

Liko jambo moja ambalo mwalimu wa chuo hawezi kulitoa, nalo ni sauti. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inawaweka askari wa jela nje, pamoja na jeshi na polisi. Lakini Katiba ya 2010, ilipotaja watumishi ambao haki yao ya chama yaweza kupunguzwa na sheria, katika kifungu cha 24, ilitaja jeshi na polisi. Jela haikutajwa. Na kamati ya uhuru wa vyama ya Shirika la Kazi la Dunia imekwisha sema kwamba wafanya kazi wa jela wanastahili haki ya kuungana.

Wala jambo hili si geni. Uingereza chama cha maofisa wa jela kipo tangu mwaka 1939. Katika England na Wales sheria ya mwaka 1994 iliwazuia kugoma, lakini chama hakikufa. Kinaendelea kupeleka malalamiko na kukaa mezani na wakubwa. Afrika Kusini chama cha polisi na askari wa jela, POPCRU, kilianzishwa mwaka 1989, siku za ubaguzi wa rangi zenyewe. Nchi hizo hazikuanguka kwa sababu askari wa jela ana mjumbe.

Twalitia jambo hili katika habari ya mafunzo ya uongozi kwa makusudi. Mkubwa ambaye hana mtu wa kumwambia "hapana" kwa adabu na kwa haki, hawezi kuwa kiongozi, hata asome wapi. Atakuwa mwenye kuamrisha tu. Sisi tumewaona mameneja waliokuwa wakali kama chui wakajifunza uongozi, na hawakuujifunza darasani. Waliujifunza siku walipolazimika kukaa meza moja na wajumbe wetu na kutoa sababu za amri zao.

MAMBO TUNAYOTAKA

1. Mtu asivikwe tepe za koplo au sajini mpaka amefundishwa kuongoza watu: jinsi ya kutoa amri, kuzuia kosa, kusikiliza malalamiko, kutuliza ugomvi na kuandika habari ya kweli.

2. Mafunzo yafanyike jelani pia, katika saa za kazi, bila kukatwa mshahara wala siku za mapumziko. Yasiwe zawadi ya wachache wanaojuana na wakubwa.

3. Kila mkuu wa gereza, kabla ya kukabidhiwa jela, asimame zamu za usiku pamoja na askari wa kawaida, apate kujua kazi anayoiamrisha.

4. Mafunzo yapimwe kwa mambo yanayoonekana: watu waliojeruhiwa wamepungua? Wagonjwa wanafikishwa kwa daktari mapema? Malalamiko yanajibiwa? Askari wanaacha kazi au wanabaki? Vyeti vilivyotundikwa ukutani si kipimo.

5. Askari anayekataa amri iliyo kinyume cha sheria, au anayetoa habari ya kweli juu ya kosa, alindwe kwa maandishi. Asihamishwe kwa hasira kwenda mbali na watoto wake.

6. Kila jela iwe na baraza la wafanya kazi lenye wajumbe waliochaguliwa na askari wenyewe, na sheria ya 2007 itengenezwe ili askari wa jela wawe na chama, hata kama kugoma kutawekewa mpaka.

Ndugu wanachama, msiseme kwamba shauri hili ni la Serikali na askari wake. Katika matawi yenu wako ndugu na jamaa za askari wa jela, na wako watu waliopata kufungwa. Zungumzeni nao. Leteni habari katika mikutano ya matawi. Andikeni kwa wabunge wenu juu ya sheria ya 2007. Ukikutana na askari wa jela katika gari au sokoni, usimtazame kama adui. Mwambie kwamba wako wafanya kazi wanaomtaka awe na sauti, awe na mafunzo, na awe na moyo wa kumshika mkono mwenzake kabla rungu halijashuka.

Sisi twasema hivi: jela itakuwa njema siku ambayo koplo wa zamu ya usiku, peke yake na funguo zake, atajua la kufanya, atakuwa na haki ya kulifanya, na asubuhi hataogopa kuliandika.

Umoja na udumu.